Sanduku la kadi: namna ya kulitengeneza na kulitumia ili ulichosoma kisikupotee

Ukirudia kusoma ukurasa uleule mara tatu jioni moja, mara ya tatu maneno yanateleza bila kukwama. Wepesi huo ndio unaowaponza watu wazima wanaorudi kwenye masomo: wanadhani wameshajua, kumbe macho yamezoea tu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima jambo hili kwa wanafunzi wa chuo. Kundi moja lilisoma kifungu mara mbili. Jingine lilisoma mara moja, kisha likafunika karatasi na kuandika lilichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka takriban 56%, waliorudia kusoma 42%.

Sanduku la kadi hukulazimisha ujijaribu, tena hukupangia siku ya kujijaribu. Muundo wake wa vyumba ulielezwa mwaka 1972 na Sebastian Leitner, mwandishi wa habari aliyeandika kwa Kijerumani. Kadi uliyoijibu husogea chumba cha mbele, ambako husubiri muda mrefu zaidi. Uliyoikosa hurudi chumba cha kwanza. Kanuni ni hiyo tu. Yanayobaki ni namna ya kuandika kadi na hesabu ya idadi yake, na masanduku mengi yaliyotelekezwa juu ya makabati yalikufa kwa moja ya hayo mawili.

Linafaa kwa msamiati wa lugha, kanuni za hesabu na fizikia, tarehe na sababu za historia, alama za barabarani, majina ya mifupa, vifungu vya sheria. Mtahiniwa wa kujitegemea anayefanya kazi mchana na kusoma usiku atalifurahia kuliko mwanafunzi wa bweni. Kwa ushonaji, udereva au kuzungumza lugha mbele ya watu, sanduku litakupa maneno na kanuni tu. Mikono na ulimi vinataka mazoezi yake.

Vifaa

- Manila ya ukubwa wa A4, karatasi 4 kwa kila wiki ya kusoma
- Boksi gumu la kukata kipande cha sentimita 37 kwa 23
- Rula, mkasi, wembe au kisu cha karatasi
- Gundi nyeupe ya dukani. Gundi ya unga huita mende, na mende hawachagui kati ya boksi na kadi.
- Kalamu moja ya wino wa kawaida, ya rangi moja
- Rababendi 6 na kiberiti kitupu

Usitumie karatasi ya daftari wala ya kudurufia. Ni nyembamba: ukiishika mbele ya dirisha au chini ya taa, jibu la nyuma linaonekana kwa kivuli. Utalisoma bila kujijua, kisha utajisifu kwamba umekumbuka. Makapeni nayo huvuja upande wa pili. Kalamu ya wino wa jeli hutanuka kwenye manila iliyonyonya unyevu, na watu wa Tanga, Mombasa na Unguja hawahitaji kuelezwa unyevu ni nini.

Kukata kadi

Kunja karatasi ya A4 katikati, kisha tena, kisha tena, kila mara ukikunja upande mrefu. Ikunjue, ukate kwenye mikunjo. Utapata kadi 8 za sentimita 10.5 kwa 7.4. Karatasi 4 hutoa kadi 32, na wiki moja inahitaji 30. Mbili zilizobaki ni za kuandikia upya kadi zilizokataa kuingia kichwani, nazo hazikosekani.

Kata za wiki moja tu kwa wakati mmoja. Anayekata kadi 400 Jumamosi ya kwanza huona amefanya kazi kubwa, ilhali hajajifunza neno hata moja.

Kutengeneza sanduku

1. Kwenye kipande cha sentimita 37 kwa 23, chora mstari wa sentimita 6 kutoka kila ukingo. Katikati patabaki mstatili wa sentimita 25 kwa 11. Hicho ndicho kitako.
2. Pitisha ncha ya mkasi juu ya mistari yote bila kukata, ili boksi likunjike sawasawa.
3. Kwenye kila pembe kuna mraba wa sentimita 6 kwa 6. Ukate upande wake mmoja tu, ule unaougusa ukuta mrefu. Miraba yote 4 ibaki imeshikana na kuta fupi.
4. Inua kuta, kunja miraba, uibandike kwa ndani ya kuta ndefu. Ibane kwa vibanio vya nguo mpaka gundi ikauke.
5. Kata vipande 4 vya kutenganisha, sentimita 10.5 kwa 9. Usivibandike. Chumba cha 5 kitavimba na cha 1 kitasinyaa, kwa hiyo vinatakiwa kusogea.
6. Jaza kiberiti mchanga, kifunge kwa selotepu, ukiweke nyuma ya kadi zote. Wiki za mwanzo kadi ni chache na huanguka kifudifudi, kiberiti huzishikilia.

Ukuta ni sentimita 6 na kadi ina kimo cha sentimita 7.4, hivyo kidole kinapata pa kushika. Boksi la viatu lililokatwa kimo nalo linafaa, ila ni pana kuliko kadi, na kadi hulala upande.

Kuandika kadi

Sehemu hii usiiharakishe, kwa sababu kadi mbovu haiponi kwa kurudiwa.

Sheria ya kwanza: swali moja, jibu moja, na jibu litamkike ndani ya sekunde 5. Kadi inayosema "Eleza Vita vya Maji Maji" ni swali la insha. Leo utakumbuka nusu yake, kesho nusu nyingine, na kila mara utabaki hujui kama umepata au umekosa. Ivunje:

- Vita vya Maji Maji vilianza mwaka gani? — 1905
- Vilikwisha mwaka gani? — 1907
- Wananchi wa kusini walilazimishwa kulima zao gani kabla ya Vita vya Maji Maji? — Pamba
- Nani aligawa maji ya dawa huko Ngarambe? — Kinjikitile Ngwale
- Maji hayo yaliaminika kuzigeuza risasi kuwa nini? — Maji
- Kwa nini Wajerumani walichoma mashamba na maghala? — Ili njaa iwavunje nguvu wapiganaji

Kadi 6 hizo ni kazi ya siku nzima, na inatosha. Angalia ya mwisho: inauliza "kwa nini". Katika kila kadi 6, angalau moja iulize sababu, vinginevyo utabaki na rundo la tarehe zisizoshikana.

Sheria ya pili: swali liwe na jibu moja tu linalowezekana. Anayejifunza Kifaransa akiandika "kujua" mbele ya kadi, nyuma aweke nini? *Savoir* ni kujua jambo, *connaître* ni kumjua mtu au kupafahamu mahali. Kadi hiyo itamkosesha kila wiki, naye ataulaumu ubongo wake. Aandike "kujua (jambo, habari)" kwenye moja na "kumjua (mtu, mahali)" kwenye nyingine, tena asiziandike siku moja. Vitu vinavyofanana vikiingia pamoja huchanganyika. Kimoja kiache kifike chumba cha 3 kabla hujamleta ndugu yake.

Kwa lugha, kila neno linataka kadi mbili: ya kutoka Kiswahili kwenda huko, na ya kutoka huko kuja Kiswahili. Ya kwanza ndiyo ngumu. Ukijifunza ya pili peke yake utaelewa unaposoma, ila mdomo utakuwa mzito.

Hesabu ina tatizo lake. Ukiandika "Shati la shilingi 18,000 limepunguzwa bei kwa 15%, linauzwa ngapi?" na nyuma ukaweka 15,300, baada ya wiki mbili utakuwa umekariri 15,300 na si njia. Nyuma andika njia (100 toa 15 ni 85, zidisha bei kwa 0.85), na kila kadi inapokuja badilisha bei kichwani au kwenye karatasi chakavu.

Orodha ndefu ziepuke. Zikilazimu, ziwekee pengo: andika mtiririko wote mbele ukiacha nafasi moja wazi, na kila kadi iwe na pengo mahali pengine. Panapochoreka, chora. Alama ya barabarani haielezwi kwa maneno.

Kwenye pembe ya chini, nyuma, andika kwa herufi ndogo ukurasa ulikotoa jibu. Siku utakapolitilia shaka hutapekua kitabu kizima. Kadi zote zifanane kwa rangi na ukubwa, kwa kuwa ubongo ni mvivu na mjanja: kadi yenye doa la chai utaijibu kwa kuliona doa.

Jambo moja halina mjadala: usiandike kadi ya kitu usichokielewa. Desa la mwenzako huenda lina maelezo mazuri kwake. Kwako ni maneno ya kumeza, na maneno ya kumeza hutoka kama yalivyoingia. Kwanza soma mpaka uweze kumweleza mtu kwa maneno yako, ndipo ukate manila.

Ratiba ya wiki

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha vipimo alivyojifanyia mwenyewe. Alijifunza orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima anaokoa kazi kiasi gani anapojifunza upya orodha ileile. Baada ya dakika 20 aliokoa takriban 58%. Baada ya siku moja, 34%. Baada ya siku 31 bado aliokoa 21%. Sehemu kubwa ya kusahau imetokea ndani ya siku ya kwanza, na kuanzia hapo hadi mwisho wa mwezi kinachopungua ni kidogo. Ndiyo maana kadi mpya hupimwa kesho yake, na ndiyo maana vyumba vya mbele vinaweza kusubiri wiki kadhaa bila hasara kubwa.

Ratiba ifuatayo ni ya kadi mpya 6 kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa:

- Chumba cha 1: kila siku
- Chumba cha 2: Jumanne na Ijumaa
- Chumba cha 3: Jumamosi
- Chumba cha 4: Alhamisi, nusu kwa nusu. Kigawe mafungu mawili kwa rababendi. Alhamisi hii fungu A, ijayo fungu B.
- Chumba cha 5: Jumapili, robo kwa robo. Mafungu manne, moja kila wiki.

Mafungu hayo yana sababu. Chumba cha 5 kikishajaa kina kadi zaidi ya 100, na ukikipangia siku moja ya mwisho wa mwezi, siku hiyo utapata udhuru. Kadi inayopanda kuingia chumba cha 4 au cha 5 iweke kwenye fungu lililopitiwa karibuni zaidi, ili isubiri muda wake kamili.

Kwa mpango huu hakuna siku inayozidi kadi 40 hivi: chumba cha 1 huwa na takriban 9 (mpya na zilizorudi), na fungu la siku huongeza 15 hadi 30. Kwa sekunde 10 kila kadi, hiyo ni chini ya dakika 7. Kuandika kadi 6 huchukua dakika 10 hadi 12. Kwa mwaka wa wiki 50 utakuwa umeandika kadi 1,500.

Sasa mtego. Wiki za mwanzo vyumba vya 4 na 5 ni vitupu au kadi zake hazijafika zamu, kazi ya siku inaisha kabla chai haijapoa, na mtu anaamua kuandika kadi 20 kwa siku. Kila kadi ina ahadi ya kuonwa angalau mara 5 kabla ya kutoka sandukuni, na zaidi ya hapo kila unapoikosa. Kadi 100 kwa wiki ni ahadi ya kuangalia zaidi ya kadi 500 kila wiki, na deni hilo halionekani mpaka mwezi wa pili. Kaa kwenye 6 kwa wiki 8 kamili. Baada ya hapo, kama bado una nafasi, panda hadi 8.

Kikao cha kila siku

1. Anza na chumba cha juu kilichofika zamu, teremka hadi cha 1. Mpangilio huu una maana. Ukianza na cha 1, kadi unayoipandisha itaingia cha 2 na utaipima tena dakika chache baadaye siku ya Jumanne. Itaonekana imejulikana kumbe bado ina moto. Ukianzia juu, kila kadi uliyoijibu inaonwa mara moja, na zilizokosewa zinaangukia cha 1 kabla hujafika huko, hivyo utazipata tena.
2. Soma swali. Tamka jibu kwa sauti, au liandike ukiwa kwenye daladala. Kulifikiria tu hakutoshi, kwa kuwa jibu la kichwani hujirekebisha lenyewe mara kadi inapogeuzwa.
3. Geuza. Nusu sahihi ni kosa. Sekunde 10 zikipita bila jibu ni kosa vilevile.
4. Sahihi: sogeza mbele chumba kimoja. Kosa: rudisha cha 1, hata kama ilikuwa ya 5, na weka nukta moja kwenye pembe.
5. Changanya chumba cha 1 kabla ya kukipitia. Kadi zikikaa kwa mpangilio uleule, moja huikumbusha inayofuata.
6. Mwisho kabisa weka kadi mpya ndani ya chumba cha 1. Zitapimwa kesho, si leo.

Saa bora ni ile iliyoshikamana na jambo usilolikosa: baada ya swala ya alfajiri, kabla ya kufungua duka, maji ya chai yanapochemka. "Nikipata nafasi" haimo kwenye kalenda yoyote. Simu iwe chumba kingine.

Mambo yakiharibika

*Kadi sugu.* Ikifikisha nukta 4, itoe. Usiendelee kuirudia, kosa limo kwenye kadi. Mara nyingi ina majibu mawili, au inafanana na nyingine, au hukuielewa tangu mwanzo. Rudi kwenye ukurasa ulioandika pembeni, isome upya, uivunje iwe kadi mbili. Ya zamani itupe.

*Siku zilizokosekana.* Msiba, mgonjwa, mavuno, safari: hutokea. Usijaribu kulipa deni lote siku moja. Siku ya kurudi usiandike kadi mpya. Pitia kwa dakika 20 ukitazama saa, ukianza na vyumba vya 1 na 2, kisha funga. Hapa mpangilio wa kuanzia juu uuache kwa muda, kwa kuwa kadi changa ndizo zinazopotea haraka. Endelea hivyo mpaka chumba cha 1 kibaki na kadi chini ya 15, ndipo uandike mpya. Kwa aliyekosa wiki moja, huchukua siku 3 au 4.

*Kujipendelea.* Kila Jumapili hesabu fungu la chumba cha 5. Kati ya kadi 30, ukipata 27 mambo ni mazuri. Chini ya 24, kadi zako ni ndefu mno au ulikuwa ukijisamehe kwenye vyumba vya nyuma. Ukipata 30 wiki nne mfululizo, kadi zako ni rahisi kupita kiasi; ongeza za "kwa nini".

*Masomo mawili.* Sanduku moja linatosha. Mchanganyiko wa Kifaransa na biolojia kwenye kikao kimoja hauna madhara, na wiki ikiwa na kadi 30 zigawe 15 kwa 15. Masomo matano kwa pamoja ni mzigo wa kadi 6 kwa wiki kwa kila moja, yaani hutafika popote.

Simu badala ya manila?

Ipo programu ya Anki, ambayo inapanga siku za kurudia yenyewe kwa kila kadi. Kwenye kompyuta ni ya bure, na kwenye Android unapata AnkiDroid bila malipo. Kwenye iPhone inalipiwa. Ikishawekwa hufanya kazi bila bando. Kwa anayejifunza maneno 5,000, au anayetaka kusikia matamshi, simu inashinda. Lakini anza na manila kwa miezi miwili, kwa sababu kuandika kwa mkono kunakufanya ufupishe, na ufundi wa kufupisha swali hauji kwa kupakua kadi 3,000 zilizotungwa na mtu mwingine kwa mtaala mwingine.

Kadi zilizomaliza

Kadi iliyopita chumba cha 5 imekaa sandukuni takriban mwezi mmoja na nusu bila kuteleza. Itie kwenye bahasha, andika mwezi kwa nje, na uhifadhi bahasha zote ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Kila baada ya miezi 3 chomoa kadi 20 bila kuchagua kutoka bahasha ya zamani zaidi. Ukikosa 3 au pungufu, hizo tu ndizo zirudi chumba cha 1. Ukikosa zaidi ya 6, pitia bahasha yote kwa wiki moja na usimamishe kadi mpya wiki hiyo. Mtihani ukikaribia, fanya hivyo kwa bahasha zote wiki 6 kabla, si usiku wa kuamkia.